Kaka, dada na dirisha moja la dozi: uchambuzi wa kisa

Mama yule alikuja kliniki Jumatatu asubuhi na mwanawe wa kiume, amemshika mkono kama anampeleka kuanza darasa la kwanza. Kijana mwenyewe ana miaka 33. Moja ya maswali yangu ya kila siku yalikuwa kama nyumbani kuna mwingine anayetumia unga, yaani heroini, maana ukimtibu mmoja huku mwenzake anavuta chumba cha pili, unateka maji kwa pakacha. Mama akanijibu bila kusita: "Nina huyu tu, mwanangu."

Binti yake alikuwa nje, mtu wa saba kwenye foleni ya dirishani. Alishajiandikisha wiki tatu nyuma, kaletwa na mwelimishaji rika wa asasi moja ya mtaani. Nilipomuuliza ndugu wa karibu ni nani, alisema niandike "hakuna". Mama alipita pembeni yake hatua tatu tu. Sikujua kwamba ni mtu na mwanawe mpaka mwezi wa pili, nilipoona jina la baba ni moja na mtaa ni huohuo. Nikamuuliza kijana. Akatazama chini, akasema, "Ni dada'angu. Tumefuatana."

Nilikuwa afisa ustawi wa jamii kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini, Dar es Salaam. Nimebadili umri, mtaa na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha watu hawa, na vipande viwili nimeviazima kwa familia nyingine. Hata majina ya bandia siwapi. Nitawaita kaka, dada na mama. Mtu akiniuliza uraibu wa mwanaume na wa mwanamke unaachana wapi, huwa namsimulia nyumba hii. Tumbo moja, unga uleule, dirisha lilelile, na wamepishana wiki tatu tu kuanza tiba.

Walivyoingia

Kaka aliingilia kijiweni. Alimaliza darasa la saba, akawa anabeba mizigo stendi, na jioni ni maskani na wenzake. Heroini ilikuwa imeshaingia pwani yetu tangu miaka ya 1980, na kwa muda mrefu watu waliivuta tu, ikichanganywa na bangi na tumbaku, ndiyo kokteli. Kaka alivuta kokteli miaka sita. Sindano aliifikia wakati unga mweupe, ule unaoyeyuka vizuri kwenye maji, umeshatapakaa mjini. Alijifunza kwa kuwatazama wenzake, na mshipa wa kwanza aliutafuta mwenyewe.

Dada aliingilia mapenzini. Alikuwa anasuka nywele saluni, akapata mwanaume anayetumia. Hakudanganywa, na hilo mwenyewe alilisisitiza kwangu. Alijua ni unga. Alitaka kukaa na mtu wake, na pale kwake palikuwa na moshi. Safari iliyomchukua kaka miaka sita, yeye aliimaliza kwa miezi 14.

Watafiti wa mambo haya wamekuta mara nyingi kwamba wanawake husogea kasi zaidi kutoka kuonja hadi kuwa watumwa wa kilevi. Kwa pombe sababu za mwili zinaeleweka: mwanamke ana maji kidogo mwilini kuliko mwanaume wa uzito uleule, na tumbo lake huivunja pombe kwa kiasi pungufu kabla haijaingia kwenye damu, hivyo glasi ileile inamgonga zaidi. Siwapingi. Lakini kwa dada huyu sioni haja ya kuuhangaisha mwili. Mwanaume wake alikuwa ameshafika sindanoni, naye akaanzia pale alipomkuta.

Kuna jambo jingine, nalo nililisikia kwa wanawake wengi hadi likaacha kunishangaza. Mpaka anafika kwetu, miaka minane baadaye, dada alikuwa hajawahi kujidunga kwa mkono wake mwenyewe. Alidungwa. Mwanzo na mwanaume wake, ambaye alianza yeye kisha akampa mwenzake sindano ileile. Mwanaume alipofungwa, dada akabaki na arosto, yale mateso ya mwili ukiukosa unga, na mikono isiyojua mshipa ulipo, ikabidi atafute wa kumdunga. Huduma hiyo ina bei: nusu ya kete, yaani ya kipakiti kimoja cha unga, au kitu kingine ambacho nusu ya kete ni afadhali. Na kete yenyewe ilitaka hela, hela ikampeleka barabarani usiku.

Ukijua hilo huulizi tena kwa nini uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam kwa watu wanaojidunga ulikuta VVU vimewaenea wanawake kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wanaume. Mwaka 2005 watafiti waliandika habari iliyotisha wengi: wanawake wa mji huuhuu, aliyejidunga akivuta damu yake kwenye bomba na kumpa mwenzake aliyekosa hela, ili naye arosto impungue. Wengi waliposoma waliona uchizi. Mimi naona watu waliokuwa wa mwisho kwenye sindano, wakigawana kilichobaki.

Foleni

Kabla ya kuletwa kwetu, kaka alikuwa ameshakaliwa vikao vitatu vya ukoo. Mama aliuza cherehani yake. Mjomba alimlipia nyumba ya soba, makazi ya watu wanaoacha dawa za kulevya, mara mbili, miezi mitatu kila mara, na mara zote mbili alitoka mzima akarudi kijiweni baada ya wiki chache. Ukoo ulichoka, lakini haukumwacha.

Dada naye alikaliwa kikao, kimoja. Ajenda ilikuwa nani atamchukua mtoto wake.

Nyumba za soba zenyewe wakati ule karibu zote zilikuwa za wanaume, kwa hiyo hata mjomba angetaka kumlipia, sijui angempeleka wapi. Shirika la Umoja wa Mataifa la dawa za kulevya na uhalifu, UNODC, liliandika kwenye ripoti yake ya mwaka 2015 kwamba duniani kwa kila watumiaji watatu mmoja ni mwanamke, ila kwa kila watu watano walioko kwenye tiba mwanamke ni mmoja. Kwetu ilikuwa chini zaidi ya hapo. Katika wateja 100 waliopita dirishani, wanawake hawakufika 10.

Tulikuwa tukisema kwenye mikutano kwamba wanawake ni wagumu kujitokeza. Nami nilisema hivyo, tena kwa kujiamini. Muhimbili ilipofungua huduma ya methadoni Februari 2011, na kliniki nyingine za jiji zilipoifuata, kipaumbele kilikuwa kwa wanaojidunga, na ilikuwa sahihi, maana hao ndio waliokuwa wakiambukizana. Lakini wanawake wengi walikuwa bado wanavuta, kwa hiyo mlango uliwapita.

Waliofaa kuingia nao walikutana na foleni yetu. Dirisha lilikuwa upande wa nyuma wa jengo, linatazamana na ukuta mfupi. Mteja anatoa kadi, muuguzi anapima dozi, anaimimina kwenye kikombe na kuongeza maji. Mteja anakunywa palepale. Halafu anaulizwa kitu, chochote, jina lake au leo ni siku gani, ili afungue mdomo na muuguzi aone dawa imeshuka kooni. Akimaliza, kama ni mwanaume, anakwenda kukaa kwenye ule ukuta. Hana kazi ya kuwahi, na pale kuna wenzake. Ikifika saa 3 asubuhi ukuta umejaa wanaume 40 au 50, na kila mwanamke anayekwenda dirishani anapita mbele yao wote. Baadhi walimjua dada kwa jina la usiku. Wengine walikuwa wameshamlipa.

Basi akawa anakuja dakika kumi kabla hatujafunga, ukuta umeshapungua. Kwenye faili lake niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Huchelewa mara kwa mara. Aonywe."

"Dozi haishiki"

Methadoni ni dawa ya jamii moja na heroini, ila inakwenda taratibu: ukipata kipimo kinachokutosha, siku nzima hupati arosto wala hulewi. Mtu anaanzishwa na kipimo kidogo, mara nyingi kati ya miligramu 20 na 30, kisha anapandishwa polepole. Dozi ikiwa ndogo mteja ataijazia kwa unga. Neno wanalolitumia wateja wote ni "kushika". Dozi inashika, au haishiki.

Mwezi wa nne kaka alikutwa na kifua kikuu. Akaanzishiwa dawa, na baada ya siku chache akaja kwa daktari: usiku wa manane anaamka kalowa jasho, mifupa inauma, dozi haishiki. Daktari hakuhitaji kufikiri sana. Ndani ya dawa za kifua kikuu kuna rifampisini, na rifampisini hulifanya ini liivunje methadoni haraka kuliko kawaida. Alikuwa kwenye miligramu 70. Akaanza kupandishwa, na kabla mwezi haujaisha alikuwa kwenye 110. Kutoka alipolalamika hadi dozi ya kwanza kuongezwa zilipita siku mbili.

Dada naye alikuwa na lake, lakini sisi ndio tuliochelewa kuliona. Unga hukata hedhi. Yeye alikuwa hajaona siku zake kwa zaidi ya miaka miwili na akachukulia kwamba uzazi umefunga. Wengi huamini hivyo, na baadhi hushukuru. Mwanamke akitulia kwenye methadoni mwili hurudi kwenye ratiba yake, na yai linaweza kutangulia kabla hajaona hata tone moja la damu. Kwa hiyo unaweza kupata mimba bila kuona hedhi hata mara moja. Ndivyo ilivyokuwa. Fomu yetu ilikuwa na swali la unajidunga mara ngapi kwa siku, na mnashirikiana sindano watu wangapi. Haikuwa na swali la hedhi. Hakuna aliyemwambia, na anayestahili kuulizwa kwa nini ni mimi, maana mahojiano ya kwanza nilifanya mimi.

Alijua mimba ikiwa na miezi mitano. Aliyempa mimba alikuwa mteja mwenzake, na huyo tulimwona mara mbili tu baada ya hapo.

Akaenda kuanza kliniki ya wajawazito kwenye zahanati moja. Huko aliposema anakunywa methadoni, mhudumu akamwambia aiache siku hiyohiyo, akamuuliza mbele ya wajawazito wenzake kama anataka kuzaa teja. Akaacha. Siku ya tatu alikuja kwetu amejikunja, tumbo linakaza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unasema wazi kwamba mjamzito mwenye uraibu wa heroini aendelee na methadoni, asikatishwe. Kukatiza ghafla kunaweza kuleta uchungu kabla ya wakati au kuharibu mimba. Tukamrudisha kwenye dozi, tukamwandikia barua ya kupeleka zahanati. Sijui kama aliipeleka. Mimi nisingeipeleka.

Mwezi wa saba wa mimba akasimama mbele ya meza yangu, akasema maneno yaleyale ya kaka yake. Usiku anaamka kalowa, mifupa inauma, dozi haishiki.

Nitaandika tulichofanya bila kukipamba. Tulidhani amerudia unga. Mwenzangu mmoja akasema huenda anaificha dozi mdomoni na kwenda kuitema na kuiuza. Tukampima mkojo: safi. Muuguzi wa dirishani akaambiwa amwongeleshe zaidi kila anapokunywa. Baada ya wiki akalalamika tena, tukampima tena, safi tena. Nikaandika: "Mteja anasisitiza kuongezewa dozi. Tabia ya kutafuta dawa." Siku ya 19 muuguzi mpya, ambaye kabla ya kuja kwetu alikuwa mkunga kwa miaka mingi, alisoma lile faili, akaja na kulitua mezani kwangu. "Huyu ana mimba ya miezi saba na nusu," akasema. "Damu yake imeongezeka, ini lake linasafisha haraka. Mlitegemea dozi ya mwezi wa pili imtoshe?"

Kilikuwa kitu kilekile. Mwili wa kaka ulikuwa unaivunja methadoni haraka kwa sababu ya kidonge, na mwili wa dada kwa sababu ya mimba. Vyote vimeandikwa kwenye vitabu vya tiba hii. Tofauti ni kwamba kaka alikuja na cheti cha kifua kikuu na mama pembeni, dada alikuja na tumbo lisilo na baba na faili lenye neno "aonywe". Sikuwa na chuki naye. Nilimpenda zaidi ya kaka yake, kusema kweli; alikuwa mcheshi, na mwerevu. Faili lilinifanya nisimsikie, na faili niliandika mwenyewe.

Dozi ikapandishwa. Kwa mjamzito wa miezi hiyo mara nyingi inafaa kuigawa mara mbili, asubuhi na jioni, lakini sisi tulifunga mchana na dozi ya kwenda nayo nyumbani haikuruhusiwa. Akaongezewa ya asubuhi pekee. Kilimsaidia kiasi, jioni bado alijikunja.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kike. Siku ya pili akaanza kutetemeka, kupiga chafya mfululizo na kulia sauti nyembamba isiyokatika. Ni arosto ya mtoto, inajulikana na inatibika, na ukali wake haufuati tu ukubwa wa dozi ya mama, hivyo kumbania mama dozi si kumlinda mtoto. Wodini walimweka kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wakamwacha anyonye, kwa sababu maziwa ya mama aliyetulia kwenye methadoni humsaidia mtoto badala ya kumdhuru. Siku ya nne bibi akatokea na chupa ya uji. Hakusema kitu. Alimimina uji, akasubiri unywewe, akaondoka na chupa.

Nyumbani

Nilikwenda kwao mara tatu. Kaka alikuwa na chumba chake, kimepakwa chokaa upya. Mama alikuwa anamsindikiza kliniki kila siku kwa miezi mitatu ya kwanza, nauli mbili kwenda na mbili kurudi, na majirani walimpongeza njiani. Mtaani kikombe cha dozi kilikuwa sifa kwa kaka: kijana ameamua. Mjomba akanunua bodaboda, akamkabidhi.

Dada alipanga chumba na mwanamke mwingine wa kliniki. Kwao alikwenda Ijumaa. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, miaka saba, alilelewa na bibi tangu ananyonya. Alimwita bibi "mama", na mama yake mzazi alimwita "dada". Hakuna aliyemfundisha. Alikuta watu wanaitana hivyo ndani ya nyumba.

Ni rahisi kumfanya mama mkosaji, na nilipoanza kuandika kisa hiki nilimfanya hivyo. Lakini nakumbuka alichoniambia tukiwa tumekaa barazani, anachambua mchele: "Wa kiume akirudi, mtaa unasema karudi. Wa kike akirudi, mtaa unauliza alikuwa wapi." Alikuwa na wajukuu na mabinti wengine wa kuozwa. Alipiga hesabu ya mtaa anaoishi, na hesabu yake haikuwa na makosa.

Kaka ndiye aliyeanguka. Hili wengi hawalitarajii kwenye masimulizi ya aina hii. Bodaboda inaleta hela kila siku, hela ya mkononi, na hela ya mkononi kwa mtu aliyeacha unga ni mtihani. Hakurudi kwenye kete. Alihamia kwenye viroba, vile vipakiti vya konyagi vilivyouzwa kila kibanda hadi serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017. Nyumbani hakuna aliyeshtuka. Mwanaume kunywa kidogo si habari. Lakini pombe na methadoni zote mbili hupunguza pumzi, na mtu anaweza kulala nazo asiamke. Asubuhi moja muuguzi alinusa, akamnyima dozi kama taratibu inavyotaka. Kaka akagomba, akapiga dirisha ngumi. Kesho yake walikuja mama na mjomba kumwombea msamaha, mjomba kavaa kanzu. Kaka mwenyewe hakuja. Alikaa nje wiki tano.

Aliporudi nilikaa naye peke yake kwa mara ya kwanza. Vikao vyetu vya wanaume, nikiri, vilikuwa vya Simba na Yanga. Waliulizana habari za dozi na kutaniana, basi. Nilimuuliza kwa nini viroba. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Dada akianguka anaanguka peke yake. Mimi nikianguka naanguka na cherehani ya mama, na boda ya mjomba, na vikao vyote vile. Sasa ningemwambia nani kwamba usiku silali?"

Nilikuwa nimehesabu misaada yote aliyopewa kama faida, na ilikuwa faida. Bila chumba kile sidhani kama angefika mwaka. Lakini ilikuja na sharti ambalo halikutamkwa, kwamba awe ameshapona. Dada hakuwa na mtu wa kumficha kitu.

Kuna uchunguzi wa kliniki ya Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014 ambao tuliujadili kazini. Ulikuta kwamba wanawake, pamoja na uchache wao, walidumu kwenye tiba kuliko wanaume. Ulikuta pia kwamba waliowahi kufanyiwa ukatili wa kingono walikuwa wepesi zaidi kupotea. Nilikwenda kufungua faili la dada kuona nilimwandikia nini kwenye swali hilo. "Hapana." Nilimuuliza siku ya kwanza, mlango wazi, mimi mwanaume nisiyejulikana, yeye pua zinamtiririka kwa arosto. Mwaka mmoja baadaye alimweleza yule mwelimishaji rika, mwanamke aliyekuwa naye barabarani zamani, wakiwa wanamwogesha mtoto. Alichosema si changu kukiandika hapa. Niseme tu kwamba "hapana" yangu ilikuwa uongo, na wa kulaumiwa si yeye.

Tulichobadili

Tulitenga nusu saa ya kwanza, kuanzia saa 12:30 asubuhi, iwe ya wanawake. Tulisogeza benchi la wanaume upande wa mbele, na ule ukuta tukaupanda maua yaliyokufa kwa kukosa maji, ila watu hawakurudi kukaa. Tuliweka mkeka wa watoto. Swali la hedhi na uzazi wa mpango likaingia kwenye fomu, na lile la ukatili likatoka siku ya kwanza na kuhamia kwa muuguzi mwanamke, mwezi wa pili au wa tatu, mlango umefungwa. Hakuna hata kimoja kilichohitaji mfadhili. Kuhusu kuwajengea wanawake kliniki yao peke yao, ambako wataalamu wengi wanaelekea, sina uhakika. Nimeona nusu saa ikifanya kazi ambayo majengo yangeifanya kwa miaka kumi. Dozi ya jioni hatukuipata. Kwa wanaume tulichobadili ni kidogo mno: kikao kimoja kwa mwezi bila ndugu, bila shuhuda za mafanikio. Kikao cha kwanza walikuja watu wanne.

Nilipohama kituo, kaka alikuwa kwenye miligramu 60, kifua kikuu kimepona. Viroba aliviacha na kuvirudia mara mbili ninazozijua. Bodaboda ilirudishwa kwa mjomba kwa ombi lake mwenyewe, akawa anaosha magari, na siku niliyoagana naye alikuwa analala vizuri. Dada alikuwa ameanza kusuka tena, nyumbani kwa wateja. Alikataa kupunguziwa dozi mpaka mtoto aache ziwa, na safari hii hakuna aliyeandika chochote cha kumsema.

Ijumaa ya mwisho niliwakuta wote kwa mama. Yule mdogo alikuwa ameanza kutamka, anatambaa kumfuata dada uani, anaita "mama, mama". Mkubwa alikuwa kizingitini anakula muwa. Akautoa mdomoni, akamrekebisha taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Siyo mama. Huyo dada."

Dada aliendelea kuanika nguo.